Kumpima Mtu Aliyeachwa Peke Yake

Mhadhiri kijana wa sayansi anapoajiriwa, huambiwa kwamba miaka yake ya mwanzo ni ya majaribio. Atapimwa kwa utafiti, machapisho na ufundishaji, kisha baraza la chuo litaamua kama anastahili kuthibitishwa kazini. Sharti hilo silipingi, kwani chuo kisichopima watu wake hakidumu. Ninachouliza ni kitu gani hasa kinachopimwa. Je, kustahili ni sifa anayoibeba mtu mwenyewe popote aendapo, au ni jambo linaloumbika kati yake na wale wanaomzunguka?

Nchini Burundi swali hili si la vitabuni tu. Tumfikirie binti aliyezaliwa Muyinga, kaskazini-mashariki, si mbali na mpaka wa Kobero, katika nyumba inayozungumza Kiswahili. Enzi za ukoloni shule zilikuwa mikononi mwa wamisionari, na familia nyingi za Kiislamu ziliziepuka. Tuseme kwao hakuna mzee aliyesoma. Sasa ana shahada ya uzamili ya kemia na ameajiriwa kufundisha Gitega, mji mkuu wa kisiasa tangu 2019. Anawaza kwa Kirundi na Kiswahili, anafundisha kwa Kifaransa, na majarida makubwa ya fani yake yanataka Kiingereza. Katika ofisi ya pili yupo mwenzake, mtoto wa profesa. Vyeti vyao vinalingana.

Lakini mwenzake anajua kwamba makala ikirudishwa na maoni makali ya wahakiki haijakataliwa, inangoja majibu. Anajua ni mkutano upi unaohudhuriwa na wafadhili. Anajua namna ya kumkatalia kwa adabu mkuu wa idara anapoongezewa darasa jingine lenye mamia ya wanafunzi, na mkuu asikasirike. Hayo hakufundishwa darasani. Aliyasikia nyumbani, watu wakila na kuzungumza. Binti wa Muyinga analipokea darasa hilo, anasahihisha mitihani mpaka usiku, na makala yake inalala kwenye droo kwa sababu aliamini imekataliwa. Mwisho wa majaribio, baraza linahesabu machapisho na kusema kwa moyo mweupe kabisa kwamba mmoja ana uwezo kuliko mwingine.

Kukosa mzee wa kuuliza kuna sababu nyingine, na inauma. Mwaka 1972, chini ya utawala wa Rais Michel Micombero, Wahutu waliosoma walisakwa na kuuawa: walimu, watumishi wa serikali, wanafunzi wa chuo kikuu. Makadirio ya waliouawa huanzia watu 100,000 na kufika 300,000. Juni 1995, wanafunzi wa Kihutu waliuawa tena, safari hii kampasini Mutanga, Bujumbura. Mwanafunzi akiuawa, anapotea pia profesa ambaye angekuwa, na wanapotea walezi ambao profesa huyo angewaandaa. Kwa hiyo kijana aliyezaliwa baadaye sana, wala hakuyaona mauaji hayo, bado anaingia idarani na kukuta kiti cha mlezi wake hakina mtu.

Makubaliano ya Arusha ya Agosti 2000 na Katiba ya 2005 yalijaribu kuitibu historia hii kwa mgao: katika Bunge la Taifa Wahutu asilimia 60, Watutsi 40, wanawake wasiopungua 30, na Watwa wakatengewa viti 3. Nauheshimu mgao huo, maana umewaingiza watu waliofungiwa nje kwa vizazi. Hata hivyo mbunge akishaketi, kura yake ni sawa na ya wenzake siku hiyohiyo. Mwanasayansi aliyeketi maabarani bila kemikali, bila muda na bila wa kumsomea rasimu, hana bado chochote cha kuhesabiwa.

Mfano ulio wazi kuliko yote naupata Nairobi. Mwanasayansi Mkenya Wangari Maathai alirudi kutoka Marekani mwaka 1966 akiwa na shahada ya uzamili ya biolojia na barua ya kazi katika zoolojia. Alipofika aliambiwa nafasi imekwenda kwa mtu mwingine. Mwenyewe aliamini kwamba jinsia na kabila lake ndivyo vilivyomponza. Muda si mrefu Reinhold Hofmann, profesa kutoka Chuo Kikuu cha Giessen, alimchukua katika anatomia ya mifugo, akamhimiza kwenda kusoma Ujerumani. Mwaka 1971 akapata udaktari, mwanamke wa kwanza Afrika Mashariki na Kati, na mwaka 1976 akawa mkuu wa idara. Hata akiwa humo ndani, yeye na mwanabiokemia Vertistine Mbaya walilazimika kupigania marupurupu sawa na ya wanaume. Nauliza: kati ya zoolojia na anatomia, Wangari alibadilika nini? Hakubadilika. Kilichobadilika ni mtu aliyempokea.

Wapo wasemao kwamba msaada wa namna hii hushusha viwango, na kwamba anayesaidiwa atatiliwa shaka maisha yake yote. Hofu yao si ya kupuuzwa. Ila wanachanganya kulegeza hukumu na kuandaa ushahidi. Yule mtoto wa profesa naye alisaidiwa, tena tangu utotoni, ila msaada wake hauandikwi popote. Kumjaribu mtu ni kumpa vifaa kisha kutazama atafanya nini. Kumnyima vifaa kisha kutazama ni kumtelekeza, na matokeo yake yanamshuhudia aliyetelekeza.

Kwa hiyo nawaomba wakuu wa vyuo, Gitega na kwingineko: kabla ya kufungua faili la mhadhiri kijana, baraza liandike kwanza ukurasa unaohusu chuo chenyewe. Alipewa mlezi gani? Aliachiwa saa ngapi za utafiti kwa wiki? Fedha kiasi gani? Likizo yake ya uzazi ilihesabiwaje? Ukurasa huo ukibaki mtupu, uamuzi uahirishwe, na chuo kianze kutimiza sehemu yake.