Lutu Alichagua Malisho

Tukimsoma Lutu, wengi wetu hukimbilia moto wa Sodoma. Lakini kisa chake kinaanza mapema, katika Mwanzo 13, wachungaji wake wanapogombana na wachungaji wa Abramu kati ya Betheli na Ai. Mifugo imekuwa mingi, malisho hayatoshi. Abramu, ambaye ndiye mkubwa, anamwachia mtoto wa ndugu yake achague kwanza. Lutu anatazama, anaona bonde la Yordani lina maji tele, analichukua lote.

Kosa liko wapi hapo? Mfugaji yeyote angefanya vilevile. Hakukana imani wala hakusujudia sanamu. Alipiga hesabu ya majani na maji, na hesabu ikamkubali. Ila ukiisoma sura ile hadi mwisho utaona kwamba Abramu alipofika Hebroni alijenga madhabahu. Ya Lutu haitajwi. Yeye alisogeza hema kuelekea Sodoma, mji ambao sifa zake zilishajulikana. Sura inayofuata, tayari anakaa mjini.

Huko akatekwa vitani pamoja na mali zake. Abramu akawafuatia watekaji akiwa na watu 318 wa nyumbani mwake, akamrudisha. Kama kuna mahali pa kumlaumu Lutu, mimi namlaumu hapa kuliko kule kwenye malisho. Ameokolewa, mali yake amerudishiwa, angeweza kuanza upya popote. Tunapokutana naye tena, sura ya 19, ameketi langoni pa Sodoma, pale wazee wa mji walipokaa kuamua mashauri.

Malaika wanafika mjini, na usiku ule wanamwambia awatoe watu wake. Anawaendea wakwe zake, anawaeleza kwamba mji unaangamizwa. Wakaona anafanya mzaha.

Mstari huo unaniuma kuliko ule wa mke wake kugeuka nguzo ya chumvi. Petro, katika waraka wake wa pili, anamwita Lutu mwenye haki, mtu aliyeteseka rohoni siku baada ya siku kwa aliyoyaona na kuyasikia. Basi Mungu alikuwamo moyoni mwake. Lakini wakwe hawakuuona moyo. Walichokiona miaka yote ni jirani aliyefanikiwa, aliyezoeana na mji, na siku aliyosema neno zito kuliko yote hawakuwa na sababu ya kumwamini.

Haya yapo majumbani mwetu. Mdai wa kikoba anapiga hodi jioni. Baba yuko chumbani, anamnong'oneza mtoto: "Nenda kamwambie baba kasafiri." Mtoto anakwenda, anasema, anarudi. Baba anampigapiga begani, "Safi sana." Yameisha kwa dakika mbili. Jumapili wote wako ibadani, na mtoto anakariri kifungu chake bila kukosea. Miaka 10 baadaye baba huyohuyo anamweka kijana kitako amweleze habari za kusema kweli, na kijana anamsikiliza kwa adabu zote, huku akitabasamu kidogo.

Sisemi kwamba Mungu hasamehe uongo wa mlangoni. Anasamehe siku hiyohiyo mtu akitubu. Lakini msamaha haumsahaulishi mtoto alichofundishwa pale mlangoni. Paulo alipowakumbusha Wagalatia habari ya kupanda na kuvuna, alikuwa akiwaandikia watu waliokwisha kuipokea neema, si wapagani.

Na neema ilimfikia Lutu. Alipokawia, malaika walimshika mkono wakamtoa nje ya mji, na Mwanzo inasema Mungu alimkumbuka Ibrahimu, yule Abramu. Yaliyotokea baadaye pangoni, kati yake na binti zake, ni aibu tupu. Humo ndimo walimotoka Wamoabu. Na kutoka Moabu akaja Ruthu, ambaye Mathayo anamtaja katika ukoo wa Yesu. Mungu aliyatumia hata hayo, ila Lutu mwenyewe hatusomi kwamba aliyaona.

Anayejiona katika yule baba wa chumbani asianze kwa kumhubiria kijana wake. Amchukue waende pamoja kwa mdai, alipe alichonacho, na aseme mbele ya wote wawili kwamba jioni ile alikuwapo nyumbani.