Miaka Mia Moja ni ya Nani?

Tarehe 10 Agosti 2024 jaa la taka la Kiteezi, wilayani Wakiso, liliporomoka na kufukia nyumba zilizokuwa chini yake. Zaidi ya watu 30 walipoteza maisha. Jaa hilo lilikuwa likipokea taka za Kampala tangu mwaka 1996. Mbali na msiba huo, Kiteezi ina madhara mengine yasiyoonekana kwa macho. Maganda ya matoke na mabaki ya chakula yanapooza chini ya lundo, mahali pasipo na hewa, hutoa methani, ambayo huongeza joto la dunia. Je, madhara hayo tuyapime vipi tukiyaweka kando ya moshi wa magari ya Barabara ya Jinja? Wengi watasema hili ni swali la wanasayansi. Insha hii inadai kwamba ni swali la maadili pia.

Kwanza, tutazame tabia za gesi hizi. Methani hunasa joto kwa nguvu nyingi, lakini haikai sana: hudumu angani miaka 12 hivi kwa wastani. Kaboni dayoksaidi, kilo kwa kilo, ina nguvu ndogo zaidi, ila sehemu yake hubaki angani kwa karne nyingi. Ni kama mgeni mwenye fujo anayelala siku mbili na mgeni mpole asiyeondoka. Ni yupi aliyemsumbua zaidi mwenye nyumba? Jibu linategemea siku utakayomuuliza.

Jopo la kimataifa la wanasayansi wa tabianchi, IPCC, lililijua jambo hili tangu ripoti yake ya kwanza ya mwaka 1990. Lilitoa hesabu kwa vipindi vitatu: miaka 20, 100 na 500. Serikali ndizo zilizochagua miaka 100, zikaitumia chini ya Itifaki ya Kyoto ya mwaka 1997, na kanuni za Mkataba wa Paris zilizokubaliwa Katowice mwaka 2018 zikaendelea nayo. Kwa ripoti ya IPCC ya mwaka 2021, kilo moja ya methani ni sawa na kilo 27 hadi 30 za kaboni dayoksaidi ukihesabu miaka 100. Ukihesabu miaka 20, inakuwa sawa na takriban kilo 80. Gesi ni ileile na jaa ni lilelile. Tulichobadilisha ni umbali tunaotazama.

Tofauti hiyo ina bei. Mwaka 2010 mpango wa Uganda wa kugeuza taka za miji kuwa mboji, chini ya mamlaka ya mazingira NEMA, uliandikishwa katika soko la kaboni la Kyoto. Miji kama Mbale, Jinja na Mukono ingelipwa kwa methani iliyozuiwa. Wakati huo tani moja ya methani ilihesabiwa kuwa tani 21 za kaboni dayoksaidi, na kuanzia mwaka 2013 ikawa 25. Kama kipindi cha miaka 20 kingechaguliwa, mboji ileile ingehesabiwa karibu mara tatu zaidi.

Basi, tuchague miaka 20? Hapa pana pingamizi zito. Kipimo hicho kinampandishia deni mfugaji wa Ankole na Karamoja, huku kikifanya kaboni ya nchi tajiri ionekane ndogo kwa kulinganisha. Mwaka 1991 Anil Agarwal na Sunita Narain wa India walipinga kuweka methani ya mashamba ya mpunga ya maskini katika kapu moja na gesi za magari ya matajiri. Miaka miwili baadaye mwanafalsafa Henry Shue alitenganisha gesi za kujikimu na gesi za anasa.

Watafiti wa Oxford nao wamependekeza kipimo kinachotazama mabadiliko ya kiwango cha methani. Kundi la ng'ombe lisiloongezeka haliongezi joto jipya kwa kiasi kikubwa, na kipimo hiki kinaonyesha ukweli huo vizuri. Lakini kikitumika nchi kwa nchi, mwenye ng'ombe wengi tangu zamani huonekana hana hatia, na anayeanza kuongeza mifugo huonekana mkosaji. Kila mwamba ngoma huvutia kwake.

Je, hii ina maana kwamba vipimo vyote ni hila? La. Hakuna anayeweza kuchagua methani idumu miaka elfu. Hilo limeamuliwa na maumbile. Tunachochagua sisi ni madhara gani yahesabiwe, na kwa ajili ya nani.

Kwa maoni yangu, kila gesi iripotiwe peke yake kabla ya kujumlishwa, na anayejumlisha aseme wazi kipindi alichotumia na sababu yake. Pia isiruhusiwe kupunguza methani ya jaa iwe kibali cha kuchoma mafuta ya Ziwa Albert, kwa sababu faida ya kwanza hupita na kaboni ya pili hubaki kwa vitukuu. Na katika meza ambako kipindi hicho kinapangwa, mfugaji wa Karamoja na mwokota taka wa Kampala wawe na kiti, kwa kuwa hesabu hiyo inagusa riziki yao.