Plagi ya nne

Kuna swali limenikaa kichwani tangu nirudi kutoka Malambo. Kazi ambayo hakuna atakayeiona, na ambayo isipofanyika hakuna atakayeumia, bado ni lazima ifanyike?

Lilianza na pikipiki. Ninayo Honda Transalp ya zamani, ile ya 600, pikipiki ya safari ndefu iliyoanza kutengenezwa miaka ya 1980. Injini ina silinda mbili lakini plagi nne, maana kila silinda ina mbili. Plagi ya Boxer au TVS ya bodaboda iko nje, ukichuchumaa unaiona. Kwenye hii yangu kuna iliyojificha nyuma ya rejeta, chini ya tangi. Mkono ukifika, spana haifiki. Spana ikifika, mkono haupati pa kuizungushia.

Kabla ya safari nilimpelekea fundi mmoja mjini abadilishe zote. Tulivutana bei, nikampunguza mpaka nikajiona mjanja. Jioni akaniambia, "Zote nne mpya, kaka." Nikalipa.

Malambo iko wilaya ya Ngorongoro, kwenye nyanda kavu kati ya Serengeti na Ol Doinyo Lengai. Kiangazi vumbi ni laini kama unga, linaingia kila mahali. Nilikwenda kuandika habari za maji na mifugo. Siku ya pili pikipiki ikaanza kukohoa. Nikaikokota hadi chini ya mgunga, kwa kijana anayetengeneza bodaboda.

Alisubiri injini ipoe. Akafungua kiti, makava na tangi, akapuliza vumbi kwenye mashimo ya plagi kabla ya kugusa chochote, mchanga usije ukaangukia ndani ya silinda. Plagi tatu zilitoka, zote mpya. Ya nne ilikuwa nyeusi, ina kutu, imeganda. Haijaguswa miaka.

Nilichemka. Nikamtukana yule wa mjini kwa kila jina. Kijana akanisikiliza, kisha akachomoa chujio la hewa na kulikung'uta. Yaani lilimwaga vumbi kama gunia la saruji. "Ugonjwa wako ndio huu," akasema. Plagi ya zamani haikuwa na kosa. Ilikuwa bado inachoma, na hata ingekufa, mwenzake kwenye silinda ile ile angeibeba.

Basi jua linashuka, nikamwambia aiache, afunge. Akatikisa kichwa. "Sasa nimeshaiona." Kisha akaongeza bila aibu, "Ila hii ya nne ina bei yake."

Ilimchukua saa mbili na zaidi. Alilegeza rejeta, akaisogeza pembeni. Akatumia ile spana fupi ya plagi iliyokuja na pikipiki, robo mzunguko kwa robo mzunguko. Plagi mpya, niliyokuwa nayo ya akiba, aliichomeka kwenye kipande cha mpira wa mafuta ili aianzishe kwa vidole. Ukiilazimisha kwa spana unaharibu thredi, na silinda hedi ya alumini haikusamehe.

Plato, katika Jamhuri, anasimulia habari ya mchungaji aliyepata pete ya kumfanya asionekane. Swali ni kama mtu mwenye pete hiyo atabaki mwadilifu. Mimi nadhani hatuhitaji pete. Tangi la mafuta linatosha. Siri ya mtungi aijuaye ni kata, na siri ya injini anaijua aliyeifungua.

Sasa, yule wa mjini alinikosea nini, kama hakuna kilichoharibika? Nimefikiri sana, na nadhani kosa halikuwa kuiacha plagi. Angesema, "Tatu nimeweza, ya nne imeganda," ningelipia tatu na kuamua mwenyewe. Kosa lilikuwa neno "zote". Lilininyang'anya nafasi ya kuamua. Lakini na mimi nina fungu langu. Nilinunua kazi ya saa nne kwa bei ya saa moja. Nilitegemea tofauti hiyo ailipe nani? Mara nyingi mteja anayekaza sana bei ananunua uongo, ila haulizi. Kijana wa Malambo aliitaja bei ya kazi isiyoonekana, na kwa kuitaja akanilazimisha na mimi niwe mkweli.

Usiku nikafungua rasimu ya habari yangu. Nilikuwa nimezungumza na watu watatu. Wa nne, mama mmoja ambaye boma lake lipo ng'ambo ya korongo, nilimwandika kwa maneno ya kusimuliwa na jirani yake, kama vile nilimkuta nyumbani. Mhariri asingejua. Msomaji asingejua.

Asubuhi nilivuka korongo kwa miguu. Mama alinikaribisha chai, akanieleza karibu yale yale niliyokwisha kuyaandika. Nilisahihisha sentensi moja tu: jirani alisema ng'ombe walikufa tisa, yeye akawataja mmoja mmoja kwa rangi zao, wakawa saba.

Kwa msomaji, tisa na saba huenda ni kitu kimoja. Nilipokuwa namwona akiwahesabu kwa vidole, sikuweza kufikiri hivyo.