Hukumu Iliyobaki Kambini

Hata Marekani, ambako bunduki huuzwa dukani peupe, wapo watu ambao sheria imewafungia mlango. Tangu 1996, aliyetiwa hatiani kwa kumpiga mkewe au mtoto wa nyumbani mwake haruhusiwi kumiliki silaha. Muuaji wa Sutherland Springs, kijiji kidogo cha Texas, alikuwa mmoja wa watu hao, na serikali ilimjua kuliko jirani yake yeyote alivyomjua.

Alijiunga na Jeshi la Anga mwaka 2010, punde tu baada ya kumaliza shule ya sekondari, akapangiwa kambi ya Holloman huko New Mexico. Akaoa. Mwaka 2012 ikagundulika kwamba alikuwa akimpiga mkewe na kumkaba koo, na kwamba alimpiga mtoto wa kambo, ambaye bado alikuwa mdogo kabisa, hadi fuvu likapasuka. Mwaka huohuo alitoroka hospitali ya wagonjwa wa akili. Polisi waliomkamata waliambiwa kuwa alikuwa ametishia kuwaua wakubwa wake na kujaribu kuingiza bunduki kambini. Mahakama ya kijeshi ilimfunga miezi 12, na mwaka 2014 akaachishwa jeshi kwa utovu wa nidhamu.

Hadi hapo kila mtu alikuwa ametimiza wajibu wake. Mke alisema, wapelelezi wakapeleleza, mahakama ikahukumu. Ilibaki kazi ya karani. Mtuhumiwa wa jeshini hupigwa alama za vidole kwenye kadi, na kadi hutumwa FBI. Hukumu ikishatoka, hutumwa fomu nyingine ya kueleza kesi ilivyokwisha. Mwenye duka la bunduki hana njia yake ya kujua mteja amefanya nini huko nyuma. Huliulizia jina lake kwenye kumbukumbu za FBI, na mara nyingi jibu huja ndani ya dakika chache. Kama jeshi halikutuma kitu, jibu ni kwamba mtu huyu ni safi.

Mkaguzi Mkuu wa Wizara ya Ulinzi alipochunguza baadaye, alikuta kwamba Jeshi la Anga lilipata nafasi nne za kutuma alama za vidole na nafasi mbili za kutuma matokeo ya kesi. Zote sita zilipita bure. Wala si kwamba hawakuwa wameonywa: ofisi hiyohiyo ya ukaguzi ilikuwa imeripoti kasoro ya namna hii tangu 1997.

Kati ya 2014 na 2017 kijana huyu alinunua bunduki nne kwenye maduka yenye leseni, moja kila mwaka, akiulizwa kila mara na kuruhusiwa kila mara. Jumapili ya Novemba 5, 2017, akiwa na miaka 26, aliingia na moja ya bunduki hizo katika kanisa la Kibaptisti la kijiji kile ibada ikiendelea. Walikufa watu 26, akihesabiwa na mtoto aliyekuwa bado tumboni mwa mama yake. Jirani mmoja, fundi bomba, alitoka pekupeku na bunduki yake akamjeruhi na kumkimbiza. Ushujaa wake haukanushiki, lakini alipofika, waumini walikuwa wameshalala chini.

Kwa nini kanisa lile? Kwa sababu mama mkwe wake, mama wa mke wa pili, alikuwa akisali pale, na muuaji alikuwa amemtumia ujumbe wa vitisho. Siku hiyo mama mkwe hakuwapo. Bibi ya mkewe alikuwapo, na aliuawa. Kipigo cha 2012 na mauaji ya 2017 kwangu ni jambo moja lililokua. Kwetu kijana akimpiga mkewe tunasema ni mambo ya ndani, wazee watayamaliza. Siku akiomba kazi ya ulinzi na kukabidhiwa bunduki, hakuna mzee anayekwenda kueleza alichokisikia barazani. Namwogopa kijana huyo kuliko jambazi ambaye sura yake imebandikwa kituoni.

Mwaka 2021 jaji wa mahakama ya shirikisho alipima lawama akaona Jeshi la Anga linabeba asilimia 60, sehemu kubwa kuliko ya muuaji mwenyewe. Mwaka uliofuata aliagiza manusura na familia za waliouawa walipwe zaidi ya dola milioni 230. Serikali ikakata rufaa, na mwaka 2023 pande mbili zikapatana kwa dola milioni 144.5. Sheria nayo ilitungwa Machi 2018 ya kuzibana taasisi za serikali zitume kumbukumbu hizo. Lakini kabla hata ya sheria hiyo, katika miezi michache tu baada ya mauaji, majeshi yalipekua majalada yao na kuongeza zaidi ya majina 4,000 kwenye orodha ya walioachishwa kazi kwa aibu, watu ambao siku zote sheria ilikuwa imewakataza kununua bunduki.