Ushahidi wa Sikio Katika Chumba cha Mtihani

 

Ndugu zangu katika imani, mtihani wa Kiingereza umekaribia tena. Wengi wetu tulifika hapa Uganda kutoka Bujumbura, Uvira, Bukavu na Goma tukiwa tumesoma kwa Kifaransa tangu shule ya msingi. Kabla ya kuingia katika fani tulizoziendea, tunapita kwanza kwenye kozi ya lugha, na mwisho wa kozi hiyo ziko karatasi mbili zinazowanyima watu usingizi: sarufi, na ufahamu wa kusikiliza. Sisi tuliotangulia hukaa na wageni baada ya sala ya Isha tukawasaidia tunavyoweza. Katika kikao kimoja, ndugu mmoja aliniuliza swali ambalo naona linastahili jibu refu kuliko nililompa siku ile.

Alisema: “Kaka, mtihani wa kusikiliza unafanywa kwa makundi, wengine asubuhi, wengine mchana. Aliyetoka asubuhi akinieleza mazungumzo yalihusu nini na majibu yake ni yapi, dhambi iko wapi? Waislamu si tumeamrishwa kusaidiana? Tena hakuna aliyepungukiwa na kitu.”

Swali hili si la mtu mjinga wala mtu mbaya, ni la mtu aliyebanwa. Kwa hiyo tusilijibu kwa kumtisha tu. Tuanze kwa kutazama mtihani wenyewe unapima nini.

Karatasi ya sarufi inakupa nafasi ya kurudi nyuma, ukafuta, ukafikiri upya. Sauti haikungoji. Katika mtihani wa kimataifa wa IELTS, kwa mfano, kuna maswali 40 ya kusikiliza, na sauti huchezwa mara moja tu. Kwa sisi tuliolelewa na Kiswahili, ugumu uko wazi. Lugha yetu ina irabu tano, kila silabi inapewa haki yake, na mkazo unakaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Kiingereza kina irabu nyingi zaidi, na silabi zisizo na mkazo humezwa. Ndiyo maana “ship” na “sheep”, yaani meli na kondoo, zinatuingia sikioni kama neno moja. Ndiyo maana “fifteen” na “fifty”, 15 na 50, huwaangusha hata watu wenye alama nzuri za sarufi.

Sasa, mwanafunzi anapoandika “50” kwenye karatasi ya kusikiliza, anasema nini? Hasemi tu kwamba jibu ni hamsini. Anasema: nimesikia. Karatasi ile yote ni tamko moja linalorudiwa kutoka swali la kwanza hadi la mwisho: nimesikia, nimesikia, nimesikia.

Sisi Waislamu tuna historia ndefu na neno hilo. Wanazuoni wa hadithi walitofautisha kwa makini kati ya mpokezi anayesema “nimemsikia fulani” na yule anayesema “kutoka kwa fulani”. Tamko la kwanza ni ushahidi wa sikio. La pili lina mwanya: huenda alisikia mwenyewe, huenda kuna mtu wa kati asiyetajwa. Aliyezoea kuutumia mwanya huo ili watu wadhani amesikia asichosikia aliitwa mudallis, na mapokezi yake yakatazamwa kwa tahadhari. Lakini zingatieni jambo hili: huenda maneno aliyoyapokea yalikuwa sahihi kabisa. Kasoro haikuwa lazima iwe kwenye maneno. Ilikuwa kwenye dai la kusikia.

Uangalifu huo haukuishia kwa wapokezi wa hadithi wa mwanzo. Huko Damascus, katika karne ya 12 na ya 13, vitabu viliposomwa mbele ya hadhara, majina ya waliohudhuria yaliandikwa kwenye nakala yenyewe. Aliyekosa sehemu fulani ya kitabu, iliandikwa kwamba ameikosa. Hata aliyesinzia au kupiga gumzo wakati wa kusoma aliweza kuandikwa hivyo. Mtu hakupewa ushahidi wa kusikia zaidi ya alichokisikia.

Basi jibu la kwanza kwa ndugu yangu ni hili. Majibu aliyopewa na rafiki wa asubuhi yanaweza kuwa sahihi yote. Bado kila moja litakuwa tamko la uongo, kwa sababu halikupita sikioni mwake. Na hata jina tunalokiita cheti tunachokitafuta, shahada, asili yake ni ushahidi. Tunajua jinsi Mtume (S.A.W.) alivyouweka ushahidi wa uongo miongoni mwa madhambi makubwa, na alivyoliinukia jambo hilo kutoka alipokuwa ameegemea, akalikariri mpaka Masahaba wakatamani anyamaze.

Lakini anauliza: nani amepungukiwa? Ndani ya chumba cha mtihani, huenda hayupo. Aliyepungukiwa yuko mbele, na bado hajakutana naye. Miongoni mwetu wako wanaosomea uuguzi. Siku moja daktari atatamka kipimo cha dawa kwa haraka, mara moja tu, na kati ya 15 na 50 patakuwa na mtoto wa mtu kitandani. Wako wanaotarajia kufanya kazi na wakimbizi katika makazi kama Nakivale, ambako Warundi na Wakongomani ni wengi. Mama atasema, “Mume wangu amepotea.” Kiswahili chake kiko wazi: amepotea, na hadi sasa hajaonekana. Mkalimani asiyetofautisha njeo atamwandikia afisa kwa Kiingereza kwamba mume “was missing”, alikuwa amepotea, na afisa ataelewa kwamba alishapatikana. Silabi ndogo tunayoidharau kwenye karatasi ya sarufi ndiyo inayobeba habari ya mume wa mtu.

Mtume (S.A.W.) alipomwamuru Zayd bin Thabit (R.A.) ajifunze maandishi ya Mayahudi, ilikuwa ni kwa sababu alihitaji mtu wa kuaminika wa kumsomea na kumwandikia barua. Zayd akajifunza kwa muda mfupi. Lugha ya wageni iliingia katika umma wetu kwa mlango wa amana. Aliyeichukua ni mtu ambaye wengine wangelitegemea neno lake bila ya kuweza kulihakiki wao wenyewe.

Kuhusu kusaidiana: aya ya Suratul Maida inayotuamrisha kusaidiana imetaja pia mpaka wake, yaani katika wema na uchamungu, si katika dhambi na uadui. Kwa hiyo swali si kama tusaidiane, bali tusaidiane katika nini.

Iko hoja nyingine ambayo hakuitaja lakini nimeisikia kwa wengi: dharura. Kushindwa ni kurudia kozi, kulipa ada upya, na kodi ya chumba hapa Kampala haisubiri. Mzigo huo naujua, na siuchukulii kuwa mdogo. Hata hivyo dharura iliyohalalisha nyamafu ni ile ya mtu anayechungulia kifo. Zaidi ya hapo, wanazuoni wa fiqhi wameweka kanuni kwamba dharura haifuti haki ya mtu mwingine. Mwenye njaa ya kufisha akila chakula cha mwenziwe, hana dhambi, lakini thamani yake atailipa. Je, yule mgonjwa utamlipa nini badala ya sikio ambalo hukuwa nalo?

Na iko hoja iliyo nzito kuliko zote: kwamba mtihani wenyewe si wa haki. Kwamba kijana wa Bujumbura alisoma kwa Kifaransa kwa sababu Wabelgiji walitawala kwao, na wa Kampala akasoma kwa Kiingereza kwa sababu Waingereza walitawala kwake, na hilo halihusiani na akili ya yeyote. Rwanda ilihamia Kiingereza mashuleni kuanzia 2008, Burundi ikakifanya lugha rasmi mwaka 2014, na wanafunzi wakabaki kulipa gharama ya maamuzi ambayo hawakuyafanya. Nakubali yote haya. Lakini mizani ikipinda, dawa yake si kuikandamiza kwa kidole upande wetu. Suratul Mutaffifin inawalaumu wanaodai kipimo kamili wanapopokea na kupunguza wanapotoa. Tukiugua, sisi sote tunataka muuguzi anayesikia vizuri. Tusiwape wengine muuguzi tusiyemtaka. Kama muda wa kozi ni mfupi, au vipaza sauti vya ukumbini havisikiki nyuma, jumuiya yetu iandike barua kwa idara, iombe wiki zaidi na nafasi ya kurudia. Huo ndio ujasiri.

Wengine huuliza mpaka uko wapi. Karatasi za miaka iliyopita zilizotolewa na idara ni halali, zimewekwa ili zitumike. Majibu ya kundi la asubuhi ni haramu. Katikati kuna mambo kama kukariri sentensi zilizotengenezwa tayari. Hapo mimi hutumia kipimo kimoja: maandalizi ni kile kinachobaki kwako baada ya mtihani. Kinachoisha mara karatasi inapokusanywa, kitilie shaka.

Basi msaada wa kweli uwe nini? Uwe imla, neno tunalolijua tangu madrasa. Chukueni taarifa ya habari ya Kiingereza redioni, rekodini dakika mbili tu. Mmoja aicheze mara moja, wengine waandike. Kisha ichezwe tena, msahihishane, na kila kosa liulizwe limetoka wapi. Kama neno hukulijua, tatizo ni msamiati. Kama unalijua kwa macho lakini sikio halikulitambua, litamke kwa sauti mpaka ulizoee. Kama ulilisikia ila kalamu ikachelewa, jizoeze kuandika kwa ufupi. Watu wengi hufanya mazoezi mwezi mzima bila kujua ni lipi kati ya matatu haya linalowasumbua. Na kwenye sarufi, msikariri kanuni peke yake. Chukueni sentensi za Kiswahili zenye “-li-” na “-me-”, muulizane Kiingereza kitazibebaje.

Aliyepasi mwaka jana ana deni la nusu saa kila usiku kwa aliyefika mwaka huu. Huo ndio msaada ambao mtoaji hautoi kwa siri, na mpokeaji haogopi kuulizwa aliupata wapi. Vikao vyetu vinaendelea baada ya Isha, kaka na dada wote, kila upande kwa nafasi yake. Njooni na daftari.

Tunamuomba Allah (S.W.) ayafungue masikio yetu kwa yenye manufaa, azifanye ndimi zetu kuwa za kweli katika kila lugha, na awape taufiki wote wanaoingia chumba cha mtihani. Aamin.