Deni la Ukurasa

Mwaka 1964 jarida la madaktari la British Medical Journal lilichapisha utafiti kuhusu saratani katika jamii moja ya Kiafrika, kuanzia 1897 hadi 1956. Jamii hiyo ilikuwa ya Kampala na vitongoji vyake. Watafiti walipata wapi ushahidi wa miaka sitini, katika mji ambao mwanzoni mwa kipindi hicho haukuwa hata na barabara ya lami? Waliupata Mengo, kwenye kumbukumbu za wagonjwa za hospitali aliyoianzisha Albert Cook, daktari mmisionari aliyepanda kilima cha Namirembe mwanzoni mwa 1897. Tangu wagonjwa wa kwanza, Cook aliandika: nani amekuja, analalamikia nini, ameonekana na nini, amepewa nini. Mahali pengine alichora.

Ndani ya karatasi hizo mlikuwa na watoto wenye uvimbe mkubwa wa taya. Denis Burkitt, mpasuaji wa hospitali ya Mulago, alikuwa ameueleza uvimbe huo mwaka 1958, na dunia ya tiba ikaanza kujiuliza kama ni ugonjwa mpya. Kumbukumbu za Mengo zilionyesha kuwa si mpya. Cook mwenyewe hakuwahi kujua kwamba alikuwa akijibu swali hilo. Alifariki 1951, miaka saba kabla halijaulizwa.

Kisa hiki kinavuruga kidogo mawaidha tuliyozoea kuhusu kuandika kila siku. Mawaidha hayo yanajulikana: amka saa kumi na moja alfajiri, zima simu, andika maneno mia tano, usiruke siku hata moja. Msingi wake ni imani kwamba tabia ni zao la nia, na kwamba nia hukomaa ikifanyishwa mazoezi. William James, katika kitabu chake cha saikolojia cha 1890, alisisitiza kwamba anayejenga tabia asijiruhusu kuvunja mfululizo mpaka tabia imeota mizizi. Utafiti wa University College London, UCL, uliotangazwa 2009, ulimlegezea kamba. Watu 96 walifuatiliwa wakijaribu kuzoea jambo jipya. Kwa wastani iliwachukua siku 66, wengine 18, wengine wakikadiriwa kuhitaji hadi 254, na kukosa siku moja hakukuharibu kitu cha maana.

Habari njema, ila mambo waliyokuwa wakiyazoea ni kama kunywa maji pamoja na chakula cha mchana au kufanya mazoezi kabla ya chakula cha jioni. Glasi ya maji haimdai mtu awe na la kusema. Ukurasa unamdai, na ndiyo maana mtu mwenye nidhamu ya chuma katika kila jambo anaweza kukaa mbele ya daftari asubuhi nzima na kuondoka na tarehe tu.

Basi pengine swali la nia si swali la kwanza. La kwanza ni: nani anausubiri ukurasa huo? Cook hakuandika ili awe mwandishi. Mgonjwa wa leo atarudi wiki ijayo, na daktari asiyekumbuka alimpa dawa gani atamdhuru. Deni lilikuwa wazi, na mdai alikuwa amelala kitandani hatua chache kutoka kwake. Tabia ilikuja yenyewe, kwa mlango wa nyuma, kwa mtu ambaye hakuwa akiitafuta.

Historia ya maandishi mjini Kampala imejaa wadaiwa wa namna hii. Mwaka 1875 msafiri Stanley alimwacha katika ikulu ya Kabaka Muteesa wa Buganda kijana aliyesomeshwa na wamisionari Zanzibar, Dallington Scopion Muftaa, na kijana huyo akawa mkono wa Kabaka katika barua zake. Mwandishi wa mfalme hangoji hamu impande. Kizazi kimoja baadaye, mwaka 1902, Katikkiro, yaani waziri mkuu, Apolo Kagwa alisafiri kwenda Uingereza kuhudhuria kutawazwa kwa Edward wa Saba, akafuatana na katibu wake Ham Mukasa, aliyekulia ikulu akiwa mtumishi kijana. Mfalme akaugua kidole tumbo, sherehe ikasogezwa kutoka Juni hadi Agosti, na wageni wakabaki na muda mwingi wa kutazama mambo. Mukasa alitazama na kuandika. Kitabu kilichotokana na safari hiyo, kilichofasiriwa na mmisionari Ernest Millar, kilitoka 1904. Nyuma yake lilikuwepo taifa zima la watu waliobaki nyumbani, ambao wangeuliza: mmeona nini huko? Hakuna Mganda wa mwaka ule ambaye angekubali jibu la “mengi”.

Mukasa hakuacha. Mwaka 1905 alifanywa Sekibobo, chifu wa Kyaggwe, akashika kazi hiyo kwa miaka thelathini, na alipokaribia umri wa miaka sabini akatoa juzuu la kwanza la Simuda Nyuma, historia ya zama za Muteesa. Wadai walikuwa wamebadilika. Wale wa 1902 walitaka habari za ng’ambo. Hawa wa 1938 walikuwa vijana ambao hawakuwahi kuiona ikulu aliyokulia.

Msomaji makini atapinga: vipi kuhusu aandikaye peke yake, bila mtu wa kumsubiri? Mfano mkali ni Ngũgĩ wa Thiong’o. Alipokuwa mwanafunzi Makerere aliandika riwaya mbili. Moja, The River Between, aliiandikia shindano la East African Literature Bureau. Nyingine, Weep Not, Child, alimkabidhi Chinua Achebe aisome wakati wa mkutano wa waandishi uliofanyika chuoni hapo Juni 1962. Hapo wadai wanaonekana bila shida. Lakini 1978, akiwa kizuizini katika gereza la Kamiti, aliandika riwaya kwenye karatasi za chooni, na hakuna aliyeahidiwa kuisoma. Je, hiyo haikuwa nia tupu? Tuangalie lugha aliyoichagua. Aliandika Kikuyu, lugha ya wakulima na vibarua wa Kamĩrĩĩthũ walioigiza tamthilia iliyomtia kizuizini. Walikuwa mbali na seli ile, lakini kila sentensi iliwaelekea wao. Mdai si lazima awepo chumbani.

Yafaa pia kukumbuka kwamba kuandika kila siku si wema kwa asili yake. Idara ya upelelezi ya Idi Amin, yenye makao yake Nakasero, nayo iliandika. Majeshi ya Tanzania yalipoiteka Kampala Aprili 1979, ndani ya jengo lile zilikutwa karatasi nyingi pamoja na maiti. Makarani wa Nakasero walikuwa na bidii, na walijua vizuri nani anazisubiri ripoti zao. Kwa bidii tupu huwezi kumtenga karani yule na Cook. Unawatenga kwa kuuliza aliyeandikwa angepata nini siku karatasi itakapofunguliwa tena: dawa, au kamba.

Kampala ya leo haimpi mwandishi starehe. Umeme hukatika katikati ya aya. Chumba ni kimoja na watoto ni wanne. Aliyetoka kazini hukwama kwenye taksi pale Wandegeya, kaunta buku likiwa gotini na kalamu ikirukaruka kila dereva anapokanyaga breki. Kumwambia mtu huyu aamke saa kumi na moja ni utani, maana saa hiyo tayari yuko barabarani. Chama cha waandishi wanawake, FEMRITE, kilichozinduliwa 1996, kilipata njia nyingine. Katika nyumba yake ya Kira Road, Kamwokya, Jumatatu jioni watu hukutana, mmoja husoma alichoandika, wengine hukichambua. Mkutano ni wa mara moja kwa wiki, lakini Jumatatu ikishajulikana, Alhamisi na Ijumaa nazo hupata kazi. Kutoka kwa wanachama wake alitokea Monica Arac de Nyeko, aliyeshinda Tuzo ya Caine mwaka 2007.

Ila deni lina gharama, na mashabiki wa vikundi hawapendi kuitaja. Anayemwandikia anayemsubiri humwangalia usoni. Mukasa wa 1902 aliisifu Uingereza kwa ukarimu mkubwa. Ni miaka miwili tu ilikuwa imepita tangu Mkataba wa 1900 uwape machifu wa Buganda ardhi na madaraka chini ya Waingereza haohao, na kitabu kilipita mikononi mwa mfasiri Mwingereza kabla ya kufika sokoni. Sifa zile zilikuwa za kweli kiasi gani, kitabu chenyewe hakisemi. Karatasi za Cook, ambazo hazikuandikwa ili kumfurahisha yeyote, hazina tatizo hilo, lakini pia hazisomeki kwa raha: ni maumivu, vipimo na dozi, ukurasa baada ya ukurasa. Wanaokutana Kamwokya wanavitaka vyote viwili, ukweli wa daktari na utamu wa msimulizi, na wanavipigania mbele ya wasikilizaji ambao wiki ijayo watakuwa na zamu ya kusoma.