Nasaha: Daraja Walizotupangia Wenye Nguvu

Bismillahir Rahmanir Rahim

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyewaumba wanaadamu kwa baba mmoja na mama mmoja, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad na jamaa zake na masahaba zake. Amma baad.

Ndugu zetu Waislamu, jueni ya kuwa dola ya kigeni ikiishika nchi kwa nguvu haitosheki na ardhi na kodi. Hutia na fikira vichwani mwa watu: huwapanga kwa daraja, huyu juu na huyu chini, khalafu walio katikati wakaipenda daraja yao na kuilinda kama kwamba imeteremka mbinguni. Waliopigana na ukoloni walilifahamu jambo hili, na ufahamu huo ndio silaha waliyowaachia wanaopigana na ubaguzi wa rangi mpaka leo. Zisikilizeni khabari za nchi moja, mpate mazingatio.

Katika Rasi ya Afrika ya Kusini Uislamu haukuingia kwa biashara kama kwetu. Ulipelekwa na wafungwa na watumwa. Sheikh Yusuf wa Makassar alipigana na Kampuni ya Waholanzi katika nchi ya Banten, akashikwa, akahamishwa Ceylon, na mwaka 1694 akapelekwa Rasi, akafa huko mwaka 1699. Baada yake akaja Imamu Abdullah bin Kadhi Abdus Salaam wa Tidore, aliyejulikana kwa jina la Tuan Guru. Waholanzi walimfunga katika kisiwa cha Robben tangu mwaka 1780, naye humo kifungoni akaiandika Kurani kwa hifdhi yake. Alipofunguliwa mwaka 1793 akaanzisha chuo mjini Cape Town, wakasoma humo watumwa na walioachwa huru pamoja. Bwana husema, mtu huyu ni mali yangu. Mwalimu akamfundisha mtu huyo huyo kwamba yeye ni mja wa Mungu peke yake. Mafunzo hayo yaliung'oa utumwa moyoni kabla sheria haijauondoa mwilini.

Lakini urithi usiotunzwa hupotea. Serikali ya Wazungu ilipoanza siasa ya apartheid mwaka 1948 iliwagawa watu kwa rangi, na Waislamu wengi wa Rasi wakaandikwa Machotara au Wahindi: chini ya Wazungu, juu kidogo ya Waafrika weusi. Wakasema baadhi yao: misikiti iko wazi na saumu tunafunga, ya siasa yatuhusu nini? Hapo akasimama Imamu Abdullah Haron wa msikiti wa Claremont. Mwezi wa Mei 1961 alikuwa katika jumla ya Waislamu waliotangaza ya kwamba apartheid yapingana na Uislamu. Wala hakutosheka na maneno. Alikwenda Langa, Gugulethu na Nyanga, mitaa waliyotengewa Waafrika, akashirikiana na wafuasi wa Robert Sobukwe, aliyefundisha kwamba wanaadamu ni jinsi moja tu, na kwamba ubaguzi wa nchi ile ni tawi la ukoloni. Daraja aliyopewa aliikataa.

Alishikwa tarehe 28 Mei 1969, akafa kifungoni tarehe 27 Septemba, baada ya siku 123. Polisi walisema alianguka ngazini. Jamaa zake hawakunyamaza zaidi ya miaka 50, hata mwezi wa Oktoba 2023 Mahkama Kuu ya Western Cape ikahukumu ya kwamba kifo chake kilitokana na mateso ya polisi.

Huenda mtu akasema: hayo ni ya kusini, sisi watu wa pwani yatuhusu nini? Tutamjibu: Mwingereza naye aliwagawa watu wa Kenya kwa sheria, wenyeji na wasio wenyeji, killa fungu na kodi yake na haki zake. Wako katika wazee wetu wa Mombasa walioiandikia Serikali wakitaka wahesabiwe katika wasio wenyeji, wala hawakuuliza kwa nini mwenyeji adhulumiwe. Mwingereza aliondoka mwaka 1963. Daraja zake zimebaki barazani petu. Kijana mcha Mungu huja kuposa, akatazamwa rangi na nywele, akaambiwa si kufu. Mtu wa bara husilimu, akasimama nasi safu moja katika sala, na nje ya mlango akaitwa wa kuja. Wala tusimtwike Mwingereza yote: utumwa ulikuwako pwani kabla yake, na katika walionunua na kuuza watu walikuwamo Waislamu.

Basi mwenye kupigana na mdhalimu aliye juu yake, naye akamkanyaga aliye chini yake, huyo hakupigana na dhulma, amegombea nafasi. Mtume wetu S.A.W. katika Hija ya kuaga aliwafundisha watu kwamba Mwarabu hana ubora juu ya asiyekuwa Mwarabu, wala mweupe juu ya mweusi, illa kwa ucha Mungu. Tuyapime kwa mizani hiyo majina tunayowaita watu, na mahari tunayopokea na tunayokataa, na nafasi tunazowapa wageni katika mabaraza yetu.

Ewe Mola wetu, mrehemu Imamu Abdullah na wote waliouawa kwa kuisema haki, na utusafishe nyoyo na kiburi cha nasaba na rangi. Amin.